Jumamosi saa nane mchana, roboti ni ya watu wa programu

Mwaka jana, siku moja kabla ya mashindano, kijana wa ufundi alinikabidhi roboti saa kumi na mbili jioni. "Dada, tayari. Sasa wekeni programu." Kalenda yetu ilikuwa na wiki saba. Sisi wa programu tuliachiwa saa moja na nusu, mpaka mlinzi alipokuja kufunga geti.

Nasaidia timu ya roboti ya shule moja ya sekondari huku Temeke, Jumatano nikitoka chuo, na Jumamosi. Tunafanya mazoezi kwa kanuni za FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi: sekunde 30 za mwanzo roboti inajiendesha yenyewe, kisha wanafunzi wanaiendesha kwa dakika 2. Zile sekunde 30 ndizo zinazokula muda wetu wote. Huwezi kuziandika ukiwa umekaa mezani ukasema zimekamilika. Lazima roboti iende, igonge ukuta, uirudishe, ubadilishe namba moja, iende tena. Mara thelathini, arobaini.

Halafu kuna lile la gia, ambalo mpaka leo linaniuma. Mota zetu zina enkoda, kifaa cha kupimia mzunguko, kinachohesabu mipigo 28 kila mota ikizunguka mara moja, na kwa gia ya 20 kwa 1 (mota mara 20, gurudumu mara moja) gurudumu likizunguka mara moja tunapata mipigo 560. Gurudumu lina kipenyo cha milimita 90, kwa hiyo hapo roboti imesogea sentimita 28 hivi. Hesabu ilikuwa safi. Jumamosi moja tukaiambia iende sentimita 60, ikasimama kwenye 30. Watoto watatu walipekua programu mstari kwa mstari tangu saa tano asubuhi hadi adhuhuri ikapita, mmoja akakaribia kulia. Kumbe mafundi walikuwa wameweka gia ya 40 kwa 1 siku ya Alhamisi ili roboti ipate nguvu ya kupandisha mkono. Uamuzi mzuri kabisa. Ila hakuna aliyetuambia.

Kwenye mashindano makubwa ya FIRST kule Marekani, timu zilikuwa zinajenga kwa wiki sita, kisha roboti inafungwa ndani ya mfuko. Kanuni hiyo iliondolewa kuanzia msimu wa 2020. Wakati ikiwepo, timu zenye uwezo zilikuwa zinajenga roboti ya pili ili watu wa programu waendelee na kazi. Sisi ya pili hatuna. Tuna kipande cha plaiwudi alichotupatia fundi seremala wa Keko, tukakifunga mota mbili, magurudumu na betri. Kidhibiti, yaani ubongo wa roboti, ni kimoja tu, basi mafundi wanapokata vyuma, kinakaa kwenye ubao wetu. Tangu wiki ya pili tunaandika na kujaribu. Ubao hauna mkono, na uzito wake ni mdogo, hivyo namba za kupigia kona hubadilika tukihamia kwenye roboti yenyewe. Lakini makosa ya kijinga yote tunakuwa tumeshayamaliza.

Umeme nao tumeuweka kwenye ratiba: betri zinachajiwa Ijumaa, maana ukikatika Jumamosi asubuhi siku imekwisha.

Karatasi iko ukutani, imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Jumamosi kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, roboti ni ya programu, hata kama skrubu moja haijakazwa vizuri. Anayebadilisha gia au gurudumu anaandika hapo hapo, tarehe na jina. Siku mbili kabla ya mashindano hatuongezi kitu kipya kwenye programu, tunarekebisha tu. Mafundi walilalamika sana, na nawaelewa, nao wana kazi nyingi.

Jumamosi iliyopita saa nane na dakika tano, yule yule kijana wa mwaka jana aliingia na spana mkononi. Akaitazama karatasi, akaiweka spana juu ya meza, akavuta kiti. "Haya," akawaambia watoto wa programu, "niwashikie futi?"