Kwenye Kaburi la Wakili wa Lancaster

Wiki niliyokuwa Philadelphia kwa dada yangu, pasipoti ya mwanawe ilifika kwa posta. Binti wa miezi minne, amezaliwa palepale mjini, na tayari ni raia wa Marekani, ilhali mama na baba yake wana kadi ya ukaazi tu. Niliishika ile pasipoti nikamwambia dada, "Kabla sijarudi Tanga, twende tukamzuru mzee aliyempigania huyu mtoto."

"Mzee gani tena, kaka?"

"Thaddeus Stevens, mbunge wa zamani. Amezikwa Lancaster, hapahapa Pennsylvania."

Treni inachukua zaidi kidogo ya saa moja. Ukishaacha vitongoji ni mashamba matupu, na barabarani unaona vigari vyeusi vya farasi vya Waamishi, Wakristo wanaoepuka magari. Nilimpakata mpwa wangu huku nikimsimulia mama yake. Stevens alizaliwa Vermont mwaka 1792, mguu mmoja umepinda tangu tumboni. Baba aliitelekeza familia, na mama akahangaika peke yake mpaka kijana akasoma. Alipofika Pennsylvania alifundisha shule kwanza, halafu akafungua ofisi ya uwakili Gettysburg mwaka 1816. Alipoingia bunge la jimbo alisimama kidete mwaka 1835 kuitetea sheria ya shule za bure, wenzake walipotaka kuifuta.

"Mtu mwema," dada akasema.

Hapo ikanibidi nimweleze habari za Charity Butler. Mwanamke huyu alikuwa mtumwa wa Maryland, na mwanamke aliyemtumikia alikuwa akija naye Pennsylvania mara kwa mara. Sheria ya Pennsylvania ilisema mtumwa aliyekaa humo miezi sita yuko huru, na Charity alidai kwamba siku zake zote zikijumlishwa zinapita hapo. Wakili wa mwenye mtumwa akajibu kwamba miezi sita lazima ifuatane bila kukatika. Mahakama ikamkubalia mwaka 1821, Charity na watoto wake wakabaki watumwa. Wakili huyo alikuwa Stevens.

Dada alinyamaza mpaka tukashuka.

Tuliteremka kwa miguu hadi Barabara ya Chestnut, tukakata kulia. Makaburi ya Shreiner yako kwenye kona ya Mulberry, mahali padogo penye miti, nyumba za watu zimepazunguka. Nilitarajia uwanja mkubwa, kwa maana huyu ndiye aliyeongoza kamati ya fedha ya Baraza la Wawakilishi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, majeshi ya Kusini yakakichoma kiwanda chake cha chuma mwaka 1863 kwa sababu ya msimamo wake wa baadaye dhidi ya utumwa. Alipofariki Washington, Agosti 11, 1868, mwili wake uliwekwa katika jengo la Bunge, na askari Weusi wakaulinda. Kumbe alitaka hapa. Maneno yamechongwa kwenye jiwe, na nilimfasiria dada polepole:

"Ninapumzika mahali hapa patulivu na pa faragha, si kwa kupenda upweke, bali nilipoona makaburi mengine yana kanuni za kubagua rangi, nimechagua hapa ili kifo changu kionyeshe yale niliyoyatetea katika maisha marefu: usawa wa binadamu mbele ya Muumba wake."

Nilisoma mara mbili, sauti ikanikwama. Marekebisho ya 14 ya Katiba, aliyoyapigania bungeni, yanayomfanya kila anayezaliwa Marekani na kuwa chini ya sheria zake kuwa raia, yaliidhinishwa Julai 1868, mwezi mmoja kabla hajafa. Yeye mwenyewe aliyaona yana upungufu. Aliwaambia wabunge wenzake kwamba anayakubali kwa kuwa anaishi kati ya wanadamu, si kati ya malaika. Alitaka pia mashamba makubwa ya Kusini yagawiwe waliokuwa watumwa, ekari 40 kwa kila mwanamume mzima, na hilo akalikosa. Kwangu mimi hilo ndilo deni kubwa lililobaki.

Mtoto aliamka. Nikamwambia dada amshukuru mzee kwa niaba ya binti yake.

"Kwanza Charity," akasema.

Akamweka mtoto begani, akamwombea Charity Butler na watoto wake, kwa majina aliyoyajua na asiyoyajua. Dua ilikuwa ndefu. Alipomaliza ndipo aliponyoosha mkono, akaugusa ubavu wa lile jiwe.