Saa tisa usiku, moyo ukinienda mbio

Mimi ni fundi cherehani hapa Kaptembwa, Nakuru. Mwezi wa kwanza nilishona sare za shule moja kwa kitambaa nilichokikopa, malipo yakakwama. Mwenye kitambaa akaanza kupiga simu. Tangu hapo nikawa naamka saa tisa usiku, kila usiku, moyo ukidunda kama nimefukuzwa, jasho mgongoni.

Nilidhani ni ugonjwa wa moyo. Zahanati wakanipima, daktari akasema moyo ni mzima. Kisha akauliza, "Mama, unalala ukiwaza nini?" Nikalia pale pale.

Alinieleza polepole. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ubongo ukiona hatari, tezi hizo humwaga adrenalini, homoni ya dharura: moyo unakimbia, sukari inapanda katika damu, tumbo linapunguza kazi, mwili wote unajiandaa kukimbia au kupigana. Kotisoli, homoni nyingine ya tezi hizo hizo, hufuata nyuma na kukaa zaidi. Mbele ya chui hayo yote ni msaada, maana chui humalizana nawe kwa dakika chache. Deni unalala nalo, unaamka nalo, na tezi zinaendelea kumwaga. Tena kotisoli huwa chini kabisa karibu na saa sita usiku, kisha huanza kupanda kuelekea alfajiri. Nilipolijua hilo, saa tisa yangu ilipungua kutisha.

Akanitajia pia Robert Sapolsky, mwanasayansi Mmarekani aliyeanza kuchunguza nyani kule upande wa Maasai Mara miaka ya 1970. Aliwapiga sindano ya usingizi, akapima homoni katika damu yao. Madume wa daraja la chini, wanaoonewa kila siku, mara nyingi walikuwa na kotisoli nyingi. Lakini dume mwenye wenzake wa kukaa nao na kupekuana manyoya alikuwa na nafuu. Sisi wa Nakuru tumewaona nyani wa kule mbugani ziwani wakipekuana hivyo, na sikuwahi kufikiri ni dawa. Mimi deni langu nilikuwa nimelificha hata kwa dada yangu.

Jioni hiyo nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mbona umebeba peke yako?" Kesho yake tukaenda pamoja kwa mwenye kitambaa, tukakubaliana nimlipe kila Jumamosi.

Simu sasa naizima saa mbili usiku. Nikiamka, navuta pumzi nikihesabu hadi nne, naitoa taratibu nikihesabu hadi nane. Pumzi inapotoka, neva ya vagasi, ile itokayo ubongoni hadi moyoni, hupunguza kasi ya moyo. Wiki ya kwanza sikuona kitu, nikakaribia kuacha. Wiki ya tatu nikawa naamka, nahesabu, narudi kulala.

Deni limebaki Jumamosi sita. Jana nimelala mpaka adhana ya alfajiri.