Rejeta mpya, maji bado yanapungua

Gari langu lilikuwa linapunguza maji ya rejeta. Si mengi, lakini kila baada ya siku mbili tatu nikifungua boneti asubuhi nakuta yameshuka chini ya alama, na chini ya gari pakavu. Nikalipeleka kwenye gereji ya kampuni ile ile iliyoniuzia. Wakabadilisha rejeta, nikalipa. Wiki ya pili maji yakapungua tena.

Niliporudi, meneja wa huduma alinijibu kwamba rejeta ni mpya na haivuji, hivyo kazi yao imekwisha. Kama kuna tatizo lingine nifungue kazi nyingine na nilipe. Nilipandisha sauti. Nikaondoka mikono mitupu.

Usiku ule nikaitoa kadi ya kazi ya mara ya kwanza nikaisoma neno kwa neno. Kwenye malalamiko ya mteja waliandika: "Gari linapunguza maji." Neno rejeta halikuwepo hapo. Rejeta waliisema wao, na hapo ndipo niliposhikilia.

Kwa siku 10, kila asubuhi kabla ya kuwasha, nilipiga picha chupa ya maji na namba ya kilomita. Lazima injini iwe ya baridi, kwa sababu maji yakipata moto hutanuka na kipimo kinakudanganya. (Mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa ya moto, utaungua vibaya.) Kisha nikaandika barua fupi isiyo na tusi: tarehe, kilomita, walichobadilisha, nilicholipa. Nikaomba mambo mawili: gari lilale kwao lipimwe presha asubuhi likiwa baridi, nami nikiwepo, na majibu yao yawe ya maandishi.

Fundi mkuu alifunga pampu ya kupimia, akajaza presha, tukasubiri. Mshale ukaanza kushuka taratibu. Akamulika kwa tochi na kioo kidogo, akaona doa la maji yaliyokauka chini ya pampu ya maji, kwenye kile kitundu kinachodondosha maji sili ya ndani ikichoka. Matone yalikuwa yakiangukia injini ya moto na kukauka kabla ya kufika chini. Akasema waziwazi mbele ya meneja kwamba ni pampu. Namheshimu kwa hilo.

Meneja bado alitaka nilipie yote. Nikaweka kadi mezani: "Mimi sikuja kununua rejeta. Nilileta gari linalopunguza maji, na mpaka leo linapunguza."

Tulikubaliana nilipe bei ya pampu tu, wafunge bila malipo, na wanirudishie pesa ya ufundi wa rejeta. Bei ya rejeta yenyewe sikuipata, maana ile ya zamani sikuidai siku ile, na bila hiyo sikuwa na namna ya kuonyesha kwamba ilikuwa nzima. Bado inaniuma. Pampu ya zamani niliidai palepale, wakanifungia kwenye gazeti, nikaondoka nayo.