Miche Yangu Hukaa Barazani Mpaka Masika Yapungue

Katikati ya Aprili, dada yangu anayeishi Uingereza alinipigia simu akaniambia kuwa miche yake ya nyanya bado iko dirishani, ndani ya nyumba, kwa sababu usiku wa kule haujaacha kuwa na jalidi, yaani umande unaoganda kuwa barafu. Watu wa huko huhesabu kwa kurudi nyuma: hukadiria lini jalidi la mwisho litaanguka, kisha huatika mbegu wiki 6 hadi 8 kabla ya siku hiyo, ili ardhi ikipata joto miche iwe tayari kutoka nje. Nilipomweleza kuwa mimi pia ninaatika mbegu chini ya paa mwezi huo huo, alishangaa sana. "Sasa mdogo wangu, hapo Arusha unakimbia baridi gani?"

Nilimjibu kuwa ninakimbia mvua. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na asubuhi za Julai hatutoki bila sweta, lakini jalidi si jambo linalotusumbua bustanini. Kinachotumalizia miche ni masika, yale ya kuanzia Machi hadi Mei, ambapo mvua ya saa moja inaweza kufukua mbegu zote za tuta moja na kuzikusanya kwenye mfereji. Hata mbegu iliyonusurika hupata taabu, kwa maana matone mazito huugandamiza udongo wa juu hadi ukawa kama sakafu, na chipukizi changa hakina nguvu ya kuupasua.

Kwa hiyo mimi nami huhesabu kurudi nyuma, ila ninaanzia mwisho wa mvua kubwa. Kwa kawaida mvua hupungua kuelekea mwisho wa Mei. Nyanya huhitaji wiki 4 hadi 5 kabla ya kuhamishwa, hivyo ninaziatika karibu na tarehe 20 Aprili, na kabichi hufuata hesabu hiyo hiyo. Pilipili hoho huota polepole na kukua polepole, kwa hiyo huzitanguliza mwanzoni mwa Aprili. Ngogwe, yaani nyanya chungu, nazo huziweka katikati ya hizo mbili. Karoti siziatiki kabisa, kwa kuwa mzizi wake ukisumbuliwa unapinda na kugawanyika. Hiyo hupandwa moja kwa moja shambani.

Kuhusu vyombo sina mengi. Trei za plastiki zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo ni nzuri na hudumu misimu kadhaa zikitunzwa, na chupa ya maji iliyokatwa katikati na kutobolewa chini hufanya kazi ile ile. Trei za mayai sizipendi, kwa kuwa vishimo vyake ni vifupi na mizizi hufika chini kabla mche haujawa na majani ya kutosha.

Udongo ndio unaostahili maneno mengi. Miaka miwili iliyopita nilichukua udongo mweusi wa bustani yangu, huu wa volkano ya Meru ambao sote tunausifu, nikaujaza kwenye trei kama ulivyo na kuatika hoho. Ziliota vizuri. Siku ya tano baada ya kuota niliamka nikakuta miche ya kona moja imelala. Niliinama nikautazama mmoja kwa karibu: majani yake mawili ya mwanzo yalikuwa bado ya kijani na hayana doa, lakini shina, pale linapokutana na udongo, lilikuwa limesinyaa na kuwa la kahawia, jembamba kana kwamba mtu amelifunga uzi na kukaza. Kufikia Jumapili trei nzima ilikuwa imekwisha. Huo ndio ugonjwa wa kinyausi, unaoletwa na vimelea vya ukungu vinavyoishi udongoni na kupenda unyevu usiokauka, na mche ukishalala hauna dawa.

Jirani yangu, mama mtu mzima wa Kimeru ambaye amelima mboga tangu ujana wake, alipita asubuhi hiyo. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaitazama trei kwa muda. "Mwanangu," akasema, "unaimwagilia miche kama unamwagilia migomba." Alinifundisha mambo mawili ambayo sijayaacha. La kwanza ni kuuchemsha udongo, yaani kuumwagia maji yanayotokota hadi yapenye kote, kisha kuuacha upoe na uchuje kwa siku moja au mbili kabla ya kutia mbegu. La pili ni kumwagilia asubuhi tu, tena baada ya kugusa udongo kwa kidole na kuhakikisha kuwa juu pamekauka. Siku hizi ninachanganya udongo na samadi iliyooza vizuri, na mchanga wa mtoni ili maji yasituame, nikichekecha vyote kabla ya kuvimwagia maji ya moto. Tangu hapo nimepoteza miche michache tu, na kila mara ilikuwa ile niliyoiatika kwa kubananisha.

Mbegu za nyanya na hoho ninazifukia kina cha sentimita moja hivi, si zaidi. Kama pakiti imekaa, hujaribu kwanza mbegu 10 ndani ya kitambaa chenye unyevu. Mwaka jana duka moja liliniuzia pakiti ambayo mbegu 2 tu kati ya 10 ndizo zilizoota, na jaribio hilo liliniokoa wiki tatu za kusubiri bure. Nyanya huchomoza kati ya siku ya 6 na ya 10. Asubuhi hiyo huwa siendi kazini bila kupita barazani, kwa sababu napenda kuona kile kishingo cheupe kilichoinama kikiuinua udongo, na ganda la mbegu likiwa bado limeng'ang'ania ncha za majani.

Baada ya hapo tatizo ni mwanga. Sisi tulio karibu na Ikweta tunapata mchana wa takriban saa 12 mwaka mzima, lakini mawingu ya masika pamoja na kivuli cha paa hupunguza sana kinachoifikia miche, nayo hurefuka, hukonda na kuelekea upande mmoja. Nimepaka chokaa ukuta ulio nyuma ya trei ili urudishe mwanga, na kila asubuhi ninazigeuza. Juu yake nimetundika chandarua cha zamani kuzuia inzi weupe, kwa kuwa hao ndio wanaoeneza virusi vya ugonjwa ambao wakulima wanauita rasta, na nyanya ikiambukizwa ingali mche haizai kitu cha maana.

Siku 7 hadi 10 kabla ya kuihamisha, ninaianzishia miche mazoezi ya kukaa nje: siku ya kwanza saa mbili za jua la asubuhi, kesho yake tatu, na kuendelea hivyo huku nikipunguza maji. Ukiruka hatua hii jua la mchana huyababua majani yakawa meupe kama karatasi. Kuhamisha hufanyika saa kumi na moja jioni. Nyanya huichimbia chini hadi karibu na majani yake, maana shina lililofukiwa hutoa mizizi; hoho na kabichi huzipanda kwa kina kile kile zilichokuwa nacho kwenye trei. Kila mche huuvalisha kipete cha chupa ya plastiki kilichozama kidogo udongoni, kwa sababu sota, wale viwavi wa udongoni, hukata shina usiku na asubuhi unakuta mche umelala kando ya kisiki chake. Nafasi ya nyanya ni sentimita 60, na siibani hata kama eneo ni dogo, kwani ukungu wa Juni unaoshuka kutoka mlimani huleta ugonjwa wa majani uitwao bakajani chelewa, na majani yanayopitisha upepo hukauka mapema.

Mwaka huu nyanya zimetoka Jumamosi iliyopita, miche 48, na hadi leo asubuhi yote imesimama. Dada yangu amenitumia picha ya vikopo vyake vikiwa nje kwa mara ya kwanza, kwa saa chache za mchana, kisha jioni anavirudisha ndani. Hoho zangu bado ziko barazani. Zina majani manne, mvua ya juzi usiku ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia, na nimeamua zikae wiki moja zaidi.