Jinsi nilivyofufua rangi ya Peugeot 504 bila kuipaka upya
Mafundi wa Grogan, mtaa wa gereji Nairobi, walikuwa na jibu moja: piga msasa, paka upya. Nikakataa. Boneti ya gari la mzee ilikuwa imepauka kama chaki, lakini kitambaa chenye polishi kidogo kilitoka na wekundu. Dalili njema hiyo: rangi hii ya zamani haina vanishi juu, na chini ya utando uliochomwa na jua bado ni nzima.

Niliosha, nikaisiriba Meguiar's No. 7, dawa ya kung'arisha rangi yenye mafuta mengi, kwa taulo la pamba, nikaiacha inywe mafuta usiku kucha gereji. Nikafuta, nikarudia. Ndipo nikaja na polishi laini, kwa mkono tu. Mashine kwenye kingo hula rangi hadi praima, ile rangi ya msingi ya chini. Kisha nta. Mlango wa nyuma una baka sugu, nao nimeuacha.