Wamama wa uji huku Unga Ltd, Arusha

Jamani leo niwaongelee wamama wa mtaani kwetu, maana wanachofanya sio kidogo. Ada shuleni ziliondolewa 2016 ila chakula kikabaki kwa wazazi, na anayebeba mizigo Soko la Kilombero siku ikiwa mbaya mchango anautoa wapi? Mtoto anatoka home na chai ya rangi tu, saa nne kashalala kwenye dawati.

Sasa hawa wamama wa kikoba wakakubaliana kila mwenye uwezo alete mahindi kidogo, wakasaga unga wa lishe, mahindi ndo mengi, soya wanaikaanga kwanza maana mbichi inamsumbua mtoto tumbo, na karanga, alafu asubuhi sufuria kubwa inabandikwa kwenye mafiga na kila mtoto anapata kikombe, awe wa aliyechanga au asiyechanga, hapo ndo waliponikosha kabisa. Hakuna mtoto anaulizwa mama yako kaleta nini.

Watu wanadhani huku kaskazini kwa kuwa kuna ndizi na maziwa basi watoto wote wanashiba. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionesha asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na wengi wao tumbo linajaa ugali kila siku ila mwili haupati kinachojenga. Ndo maana ile soya naithamini sana.

Kwa sasa wanabanwa na kuni na sukari. Mwenye debe la mahindi nyumbani aongee na balozi wake wa nyumba kumi, yeye anawajua hawa wamama.