Usimwambie akate: majani tunayoyaacha sokoni, Ujerumani na Dodoma

Ukinunua fungu la karoti au figili kwenye soko la wakulima huku Ujerumani, muuzaji anakuuliza kabla hujatoa hela: akukatie majani? Wengi wanaitikia bila kufikiri. Anayashika, anayanyonga mara moja, yote yanaingia kwenye kreti iliyo chini ya meza. Ikifika saa sita mchana kreti imefurika: majani ya karoti, ya bitiruti, ya figili, ya kolrabi (kabichi yenye shina nene la duara), na yale mapana yanayoifunika koliflawa. Wapo wanaopita kuomba ya sungura wao. Yanayobaki yanakuwa mbolea.

Mimi ni mtu wa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma. Kwetu mvua ina msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na mwaka mwingine inakatika kunde zikiwa bado na maua. Aliyekulia huko hawezi kuiona kreti ile akasema ni takataka. Naandika kwa ajili ya ndugu zangu wa huku Leipzig na kwingineko, hasa vijana waliokuja masomoni. Kila tukikutana nawasikia wakilalamika kwamba mboga za majani ni ghali na kwamba ile ya kugandishwa haina ladha. Ndugu zangu, mboga mnayoitafuta mnalipia, halafu mnamwachia muuzaji.

Kwetu mmea hausubiriwi mpaka uzae. Kunde tunaanza kuzila zikiwa majani machanga, tunakuja kula maganda mabichi, na mwisho kabisa ndipo tunavuna punje. Mboga ya majani ya maboga inapikwa wiki nyingi kabla boga lenyewe halijaonekana, na hata maua yake yanaingia chunguni. Viazi vitamu vinatupa matembele, muhogo unatupa kisamvu. Kwa mama zetu hilo halikuwa jambo la kufundishwa kwa semina. Ndivyo nyumba ilivyovuka mwaka.

Sasa hebu tuyaangalie ya huku. Anza na bitiruti, kwa sababu hapo hakuna ugeni wowote. Ile mboga inayouzwa kwa jina la spinachi pale soko la Majengo, Dodoma mjini, yenye jani pana na mshipa mnene, kwa kawaida ni ndugu wa damu wa bitiruti. Ni mmea wa jamii moja kabisa, mmoja ukikuzwa kwa ajili ya jani na mwingine kwa ajili ya kiazi. Kwa hiyo fungu la bitiruti lenye majani mabichi ni mboga mbili kwa bei moja. Mwenye tatizo la mawe kwenye figo asiyale kila siku, kwa sababu yana oksaleti nyingi (kemikali inayochangia mawe hayo) kama ilivyo spinachi.

Ninavyoyapika ni hivi. Nayachambua, mabua nayaweka kando kwa sababu yanachelewa kuiva. Kitunguu na nyanya vinakaangwa kwa mafuta ya alizeti, yanafuata mabua yaliyokatwakatwa, nafunika kidogo, kisha majani. Yanaonekana mengi yakijaa sufuria, lakini ndani ya dakika mbili yamenywea yote. Hapo ndipo karanga inaingia. Kwetu ingekuwa karanga iliyotwangwa kwenye kinu. Huku nanunua siagi ya karanga isiyo na sukari wala chumvi, naikoroga kwenye maji ya uvuguvugu mpaka iwe uji mwepesi, ndipo namimina. Moto upunguze, na usiache mwiko, maana karanga ikishika chini mboga nzima inanuka kuungua. Ikianza kutoa vijitone vya mafuta juu, imeiva. Rangi inakuwa ya waridi kwa ajili ya yale mabua mekundu, na mgeni wa mezani hushangaa, lakini ladha ni ile ile ya nyumbani. Yale mafuta yana kazi nyingine pia: vitamini A ya kwenye majani mwili huipokea vizuri zaidi ikiambatana na mafuta. Kumbe waliotuwekea karanga kwenye mboga walitupa lishe pamoja na utamu.

Kolrabi na koliflawa ni ukoo mmoja na kabichi na sukuma wiki. Majani yake yapike unavyopika sukuma: ukunje pamoja, ukate nyembamba sana, chumvi na kitunguu vinatosha. Ya koliflawa yana mshipa mgumu katikati, utoe. Figili majani yake yana vinyweleo vinavyochoma ulimi yakiwa mabichi, ndiyo maana watu huyaogopa. Yakiguswa na moto vinyweleo havisikiki tena, na kunabaki ukali kidogo ambao mimi naupenda kuliko mchicha.

Karoti ndiyo yenye ubishi. Kuna watu huku wanaapa kwamba majani yake ni sumu. Karoti ya kulimwa majani yake yanaliwa. Yanayotakiwa kuogopwa ni yale yanayofanana nayo porini, kwa sababu pori la Ulaya lina mimea yenye jani kama la karoti inayoua mtu kweli. Chukua yaliyo na karoti yake, basi. Ni machungu kidogo na yana nyuzi, kwa hiyo usiyafanye mboga peke yake. Yakate madogo sana, uchanganye kiasi cha mkono mmoja kwenye maharage au kwenye sufuria ya mboga nyingine.

Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu mazoea ya nyumbani yanaweza kutudhuru. Tumezoea kula matembele, na mtu akiona majani ya viazi kwenye bustani ya jirani Mjerumani anaweza kudhani amepata. Vile ni viazi mbatata, na majani ya mbatata yana sumu. Hayaliwi kabisa, hata yakichemshwa. Ya nyanya nayo tuyaache. Kuna pia rubabu, mmea wa huku wenye bua jekundu refu ambalo watu hupikia keki: bua linaliwa, jani lake ni sumu. Na mgeni anaweza kulidhania spinachi kubwa, maana limepanuka vizuri.

Kitu kingine: tenganisha majani na kiazi chake siku ile ile ukifika nyumbani. Yakiachwa pamoja, majani yanaendelea kunyonya maji, na kesho karoti zimelegea. Yafunge kwenye kitambaa chenye unyevu, uweke kwenye friji, uyapike ndani ya siku mbili tatu.

Yakizidi, yakaushe. Nilimpigia simu shangazi yangu wa Mvumi nikiwa na rundo la majani ya kolrabi ambayo muuzaji alinipa bure.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Huko baridi haijawamaliza?"

Nikamweleza. Hakuuliza kolrabi ni kitu gani, aliuliza tu kama jani ni nene au jepesi. Nene, nikasema. Basi litupie kwenye maji yanayochemka, lichemke kidogo tu kama la kunde, ulitoe, ulichuje, ulitandaze lisilaliane. "Na usilipige jua kali," akasema, "litapauka." Jua nisingelipata hata nikilitaka, ilikuwa Novemba. Niliyatandaza juu ya kitambaa karibu na kipasha joto. Kuhusu kujua kama yamekauka alinipa kipimo kimoja: "Lifinye. Likivunjika, weka. Likikunjika, bado." Ushauri wake wa kivulini una sababu, kwani jua kali huharibu sehemu kubwa ya vitamini A, na jani lililokaukia kivulini hubaki na zaidi, na rangi yake pia. Nimeyaponda, yako kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Nayatumia kama tunavyotumia mlenda mkavu wakati wa kiangazi, na karanga, na bamia mbili tatu nikipata kwenye duka la Kihindi. Ugali wa uwele sina, natumia unga wa mtama.

Lakini sitaki ionekane kwamba wenye kutupa ni Wajerumani tu. Nilipokuwa Dodoma mara ya mwisho niliona bitiruti Majengo zimekatwa majani tayari, na muuzaji akaniambia wateja wenyewe hawayataki, wanasema ni ya mifugo. Hili ni jambo geni lililoingia na tabia ya mjini, na linaniuma, maana mama yule yule alikuwa anauza matembele kwenye meza hiyo hiyo.

Kuna jani jingine ambalo ningependa watu wa Hombolo, Mpunguzi na Makutupora huko Dodoma walifikirie: la mzabibu. Mizabibu yetu hupogolewa mara mbili kwa mwaka na kuzaa mara mbili, na kila ikipogolewa inachipua majani mengi laini. Mengine hupunguzwa ili vichala vipate hewa. Niliyoyaona mimi yaliishia kwa mbuzi. Huku Leipzig maduka ya Waturuki yanauza majani hayo hayo ndani ya chupa za maji ya chumvi, na watu wananunua kwa fedha nzuri. Waturuki, Wagiriki na Waarabu huyafungia mchele uliochanganywa na kitunguu na mafuta, wakayapanga kwenye sufuria na kuyapika taratibu.

Kuyaandaa si kazi kubwa. Chuma machanga ya karibu na ncha, yaliyofikia upana wa kiganja na bado laini. Yachemshe dakika chache kwenye maji ya chumvi, utoe kikonyo, uweke upande wa mishipa juu, mchele kijiko kimoja katikati, kunja pembeni kisha viringisha. Ila uchume kabla shamba halijapigwa dawa. Kama limeshapigwa, subiri machipukizi ya msimu unaofuata, na umwambie anayepiga akuachie mistari michache ya pembeni.